Nguzo Iliyochipua

Mara ya kwanza kumwona, alikuwa amekaa ndani ya pikapu iliyokwama kwenye matope. Abiria wote tulikuwa tumeshuka tunasukuma, yeye peke yake amebaki juu, amepakata boksi. Ilikuwa masika, kwenye kona moja ya kupandia Kinole ambayo kila dereva huilaani na hakuna anayeweza kuikwepa. Mimi nilikuwa natoka Mlali. Msimu wa nyanya ulikuwa umekwisha, na kwangu mimi msimu ukiisha hamu ya mahali nayo huisha. Nimeishi hivyo tangu nimalize sekondari, na sasa nimevuka arobaini bila kujua mlango gani niuite wangu.

Kondakta alimsogelea kwa adabu. "Shikamoo Mzee. Tunaomba ushuke kidogo, gari liwe jepesi."

"Marahaba. Mimi ni mwepesi," akajibu. "Mzito ni boksi, na boksi haliwezi kushuka."

Tukamsukuma yeye na boksi lake. Gari likazama zaidi. Mwishowe zikaja bodaboda kutuokoa, na hapo ndipo alipokubali kukanyaga ardhi, akasimama kwenye tope na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa kama anakwenda kuoa. Kijana wa bodaboda alitaka kulifunga boksi nyuma kwa mpira. Mzee akalishika kwa mikono miwili.

"Hili linakaa mapajani kwangu. Na uendeshe kama umembeba mama mkwe."

"Mama mkwe wangu nikimbeba huwa nakimbiza, Mzee," kijana akasema. "Afike upesi tuachane."

Nilikuja kujua baadaye kwamba boksi lile lilikuwa limekaa mapajani tangu nchi ya baridi, ambako alikuwa amefanya kazi tangu ujanani hadi alipostaafu. Kwenye ndege mhudumu alitaka kuliweka juu, wakabishana hadi abiria wa jirani akaomba kiti kingine. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro lilipanda treni mapajani. Alifikia Mazimbu kwa rafiki yake mwalimu, ambaye alikuwa amemwalika aje kuongea na wanafunzi kisha arudi alikotoka. Siku ya mapumziko yule rafiki akampeleka Kinole kumtembeza. Wenyeji wakamwonyesha mdalasini, karafuu na pilipili manga inavyopanda mtini. Akawa anaitikia huku anatazama kwingine. Alikuwa ameona migongo miwili ya mlima imeelekeana, nyumba huku na nyumba kule, na bonde refu katikati.

"Watu wa huku na wa kule mnaongeaje?" akauliza.

"Tunapiga kelele," wakamwambia. "Upepo ukikubali."

Watu wengi huipenda Uluguru kwa sababu ya milima. Yeye aliipenda kwa sababu ya nafasi iliyo kati ya milima. Alirudi Mazimbu, akachukua boksi, akamuaga rafiki yake, na ndiyo safari niliyomkuta nayo kwenye tope. Ndani ya boksi mlikuwa na lenzi mbili za kioo, kila moja kubwa kama sahani ya pilau.

Sote tulimwita Injinia. Ukimwita fundi umeme hakukasirika, alikurekebisha tu, na marekebisho yake yalichukua muda wa kuivisha maharage. Kazi yake ilikuwa vifaa vidogo vinavyotoa mwanga na vifaa vidogo vinavyoona mwanga. "Fundi umeme anaufundisha umeme kutembea," alikuwa akisema. "Mimi naufundisha kuona." Nilipanga chumba nyumba ya pili kutoka kwake, nikawa nabeba machungwa na ndizi za watu kupeleka sokoni mjini, na kwa kuwa sikuwa na mke wa kunipikia wala yeye hakuwa naye, tukazoea kupika pamoja. Alikata vitunguu kwa rula.

Nilielewa alichokuja kutafuta siku tuliyoshuka wote mjini Morogoro kununua nyaya. Kuna duka moja kubwa pale lenye mlango wa kioo unaofunguka wenyewe. Injinia akaufikia, ukafunguka, hakuingia. Akarudi nyuma, ukafunga. Akasogea tena, ukafunguka, akaitikia kwa kichwa, akarudi nyuma. Mlinzi akaja.

"Mzee wangu, unaingia au unatoka?"

"Namjulia hali."

"Nani?"

Injinia akanyoosha kidole juu ya mlango, kwenye kijicho cheusi kisichozidi kifungo cha shati. "Huyo."

Mlinzi akanitazama mimi, kama watu wanavyomtazama anayemsindikiza mgonjwa. Ikabidi tukae pembeni kwenye kivuli, ndipo akanieleza. Namna ya kukiwezesha kile kijicho kutofautisha mtu na jua aliifikiria yeye, enzi za ujana wake, na kampuni iliyomwajiri ikaisajili kwa jina la kampuni. Lake liliandikwa chini, kwa herufi za wasiosomwa. Tangu hapo milango ya nchi nyingi hufunguka kwa akili yake.

"Watu wamepita hapa tangu asubuhi," akasema. "Umemsikia hata mmoja akisema asante?"

"Mlango hausalimiwi, Mzee. Utashukuriwaje?"

"Ndiyo maana nimekuja Kinole. Nataka nitengeneze kitu kimoja, kimoja tu, watu wakitumie, na wajue kimetoka kwa nani. Nikikipata hicho nitakwenda kulala."

Aliyasema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyaya. Tukanunua nyaya tukarudi.

Sasa huyo mtu aliyefungua milango ya dunia, mlango wa nyumba yake mwenyewe ulikuwa unaburuza chini. Ukitaka kuingia ilibidi uunyanyue kwa bega. Ulifungwa kwa kamba ya katani. Kila mgeni alimwambia, "Injinia, hebu rekebisha huu mlango," naye alijibu, "Unafanya kazi. Umeingia, si umeingia?" Na taa, ambazo mtu angetegemea ziwake kwake kama kwenye harusi, alikuwa nayo moja dhaifu, maana alidai mwanga mwingi unamchosha kama mpishi anavyochoshwa na harufu.

Kuku ndio waliomfanya agundue jambo kwa ajili ya nyumba yake. Walikuwa wanaingia jikoni. Akaweka mwanga usioonekana ukatize mlangoni chini, kitu kikiukata, kifaa kinatoa sauti yake aliyoirekodi: "Toka." Kuku walishtuka mwanzoni, kisha wakaizoea. Watu hawakuizoea. Mwalimu wa madrasa alikuja kumkaribisha kijijini kwa heshima zote, akaunyanyua mlango kwa bega, akaweka mguu ndani, akaambiwa toka. Akatoka. Injinia akamfuata njiani na kandambili moja mguuni, akiomba radhi, na waliporudi pamoja mwalimu akapiga hodi, akaweka mguu, akaambiwa toka mara ya pili. Kifaa kile kikang'olewa siku hiyohiyo. Kuku walikuwa ndani wanaangalia.

Lakini kazi iliyomleta ilikuwa bonde. Wakati ule mtandao wa simu kwetu ulipatikana juu ya jiwe moja tu, na jiwe lilikuwa na foleni, na ukiwa juu yake unaongea na mchumba, nyuma yako wapo watu wanaosikiliza na kukushauri. Injinia alitaka kuvusha sauti kwa mwanga. Alinieleza hivi: sauti inatikisa taa ndogo, taa inatupa mwanga kupitia lenzi, mwanga unavuka bonde ukiwa bado unatikisika, upande wa pili lenzi nyingine inaukusanya kwenye kijicho, na kijicho kinaurudisha kuwa sauti. Umeme wa jua unatosha. Hakuna waya wala mnara. Kinachohitajika ni mabomba mawili ya kushikia lenzi yaelekeane sawasawa, yasitikisike hata kidogo.

Sehemu iliyofaa kwa upande wetu ilikuwa moja tu, kipande cha ardhi ya ukoo wa bibi mmoja aliyeishi upande wa pili. Kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na bibi yule ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wake. Tulimwita Bibi tu, hata wazee wenzake walimwita hivyo. Aliposikia kuna mtu anataka kutengeneza kitu ili yeye aongee na upande wetu bila kupiga kelele, alikubali kabla habari haijaisha. Akampa Injinia kipande kile aazime kwa masharti ya siku zote: atatoa ngoto, yaani kitu kidogo cha kila msimu cha kukiri kwamba ardhi ina wenyewe, na hatapanda mti wa kudumu. Mahindi sawa, maharage sawa. Mti hapana, maana anayepanda mti amepanda na madai.

"Sina haja ya mti," Injinia alimtumia ujumbe. "Nahitaji nguzo."

Nguzo ya chuma haikuweza kupanda mlima. Akamwendea mtoto wa dada yake Bibi, mkulima wa pilipili manga, ambaye ndiye aliyelima jirani na kile kipande. Akamwomba mti mnene, mnyoofu, usiooza ardhini. Yule bwana akamletea. Wakausimika wote, Injinia akipima kwa timazi, wakaushindilia mawe. Juu akafunga bomba lake jeusi lenye lenzi, pembeni kipaza sauti na spika. Kule kwa Bibi akafunga la pili kwenye ukuta wa nyumba.

Siku ya kufungua tulijaa. Injinia alisafisha koo, akainama kwenye kipaza sauti. Najua alikuwa ameandaa maneno, kwa sababu nilimsikia akiyafanyia mazoezi akiosha vyombo. Lakini Bibi alimtangulia. Sauti yake ikatoka kwenye spika, safi na ya karibu kama ameketi katikati yetu.

"Huyo Injinia ni kabila gani?"

Injinia akatutazama. "Mimi? Mnyamwezi."

Mara tukasikia kicheko cha nyumba nzima kikivuka bonde. Wanyamwezi ni watani wa Waluguru tangu zama za misafara, na Bibi alikuwa ameletewa mtani hadi mlangoni, bila kumtafuta, na chombo cha kumtania.

"Basi karibu, mtani," akasema. "Babu zako walipita huku chini wamebeba mizigo ya watu. Wewe umepanda na mzigo wako mwenyewe. Angalau ukoo unasonga mbele."

Injinia hakujua kutaniana. Miaka ya nchi ya baridi ilikuwa imemtoa ladha hiyo. Akamjibu kwamba kihistoria wapagazi wale walifuata njia ya tambarare na si rahisi wawe walipita Kinole. Bibi akasema, "Walipotea. Ndiyo sababu hawajulikani." Siku nzima Injinia alitembea akitafuta jibu, akalipata baada ya chakula cha jioni, wakati wengine wote wamekwisha kulala.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa wa shikamoo. Wote wawili walikuwa wazee wa kutosha, na kila mmoja aliamini yeye ndiye mkubwa. Asubuhi Injinia akiwasha mtambo, hakuna aliyetaka kuanza. Walikaa kimya, spika inakoroma tu, hadi mmoja aseme "Habari za kuamka," ambayo si shikamoo wala si utovu wa adabu.

Mtambo ulipendwa. Ulikuwa na tabia zake. Mtu akipita mbele ya bomba na mkungu wa ndizi kichwani, maneno yalikatika, na watu wakajifunza kupita makusudi pale wasipopenda maongezi. Mchana ukungu ulipanda kutoka bondeni, sauti ikafifia kama mtu anayeondoka huku anaongea, kisha basi. Injinia aliuchukia ukungu kama adui wa kazi. Sisi wengine tuliona ni wakati wa kwenda kula.

Baada ya mvua za vuli sauti ya Bibi ilianza kukwaruza. Injinia akafungua spika, akaifunga. Akafungua kijicho, akakisafisha kwa pamba. Akavuka bonde kwa miguu, akashika kichwa cha Bibi, akammulika koo kwa taa, akafukuzwa. Wiki nzima alilala na bisibisi. Mimi sikuelewa mitambo, lakini siku moja nilikuwa nimesimama pale namsubiri twende kupika, upepo ukavuma, Bibi akakwaruza, upepo ukatulia, Bibi akawa safi. Nikainua macho. Mbele ya bomba kulikuwa na jani.

"Mzee," nikasema, "nguzo yako ina majani."

Akanitazama kwa huruma. Kisha akatazama juu. Nguzo ilikuwa imechipua pande zote, vitawi vya kijani vimeinuka kama nywele za mtoto aliyeamka. Ulikuwa mti uleule wanaousimika wakulima wa pilipili manga ili mmea upande. Ukichomeka fimbo yake ardhini, haina habari ya kufa.

Tukamfuata aliyemletea.

"Injinia, ulisema unataka nguzo isiyooza," yule bwana akasema. "Ile haiozi. Iko hai."

"Hukuniambia kwamba itaota!"

"Mtu anayejua kuvusha sauti kwa taa, nimwambie mimi kwamba mti huota?"

Yangeishia kwenye kicheko kama yule bwana hangekuwa na akili ya pili. Kesho yake alipeleka mashtaka kwa mama yake mkubwa, kwamba mwazima ardhi amepanda mti wa kudumu kwenye ardhi ya ukoo. Aliyeuleta mti ni yeye, aliyeshindilia mawe ni yeye, lakini mashtaka yalikuwa ya kweli. Mti ulikuwepo, umesimama, una majani. Adhabu ya siku zote ni mti kung'olewa na mwazima kuondoka. Na pale ndipo mahali pekee ambapo mabomba mawili yalionana. Kung'oa nguzo ilikuwa kuua simu yetu ya mwanga.

Injinia aliacha kula. Sikuwahi kumwona hivyo. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wake unaoburuza, akasema, "Nimefanya kazi maisha yangu yote kampuni ikachukua. Sasa kitachukuliwa na kichaka."

Shauri likasikilizwa kwa simu yenyewe, kwa sababu wazee wa ukoo walikuwa upande wa pili na hakuna aliyetaka kushuka bonde na kulipanda. Injinia alikata jani la mbele kwanza ili aweze kushtakiwa vizuri. Mshtaki alisimama upande wetu, akasema yake. Kisha Bibi akaanza.

"Mtani. Ulisimika nini hapo?"

"Nilisimika nguzo."

"Ina majani?"

"Ina majani."

"Nguzo gani ina majani?"

"Nguzo iliyokosea, Bibi."

Tulisikia wazee wakikohoa kule, kikohozi cha kuficha meno.

"Nikiukata, simu inakufa?"

"Inakufa."

"Na nikiuacha, ardhi ya mama zangu inahamia Unyamwezi?"

"Haihami. Mimi siutaki mti. Nautaka mwanga unaopita juu yake."

"Wote husema hivyo wakishapanda." Tulimsikia akinong'onezana na wazee. Kisha sauti yake ikarudi, ya kikao: "Haya, tumesikia. Uamuzi wa ukoo ni kwamba huo mti..."

Na ukungu ukafika. Ulipanda mweupe na mnene, ukafunika bonde, ukameza nyumba za kule, ukameza na uamuzi. Tukabaki tunasikiliza spika inayokoroma. Injinia aliganda ameinama vilevile. Yule mshtaki alipendekeza mtu ashuke kuuliza, lakini wazee wa upande wetu wakasema uamuzi uliotolewa kwa chombo umaliziwe kwa chombo, wasije wakasema ulibadilishwa njiani.

Asubuhi ilifunguka safi. Nilimkuta Injinia pale, ndevu zina umande.

"Mtani, umelala?" Bibi akauliza.

"Hapana."

"Mimi nimelala vizuri sana." Akasafisha koo. "Mti ni wa ukoo. Mwanga ni wako. Mwanangu hapo atapandisha pilipili yake kwenye huo mti, kwa kuwa naona ndicho alichokuwa anakitafuta tangu anakuletea. Ila asiguse mbele ya bomba. Majani ya mbele utayakata mwenyewe, ujifunze. Imebaki ngoto."

"Nitatoa chochote."

"Nasikia huna mahindi wala maharage. Unalima maneno tu. Basi ngoto yako ni hii: kila asubuhi ukiwasha, utaniamkia."

Tuliokuwepo tulitazama chini. Injinia alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Bibi, mimi ni mkubwa kwako."

"Kwa miaka, labda. Kwa ardhi hiyo uliyosimama, mkubwa ni mimi."

Injinia akatazama bondeni kama anautafuta ukungu. Kisha akainama.

"Shikamoo."

"Marahaba, mtani. Mzigo umefika."

Mnara wa simu ulijengwa baadaye, kilima cha tatu kutoka kwetu, na jiwe letu likarudi kuwa jiwe. Watu wote wakawa na simu mkononi. Asubuhi Injinia aliwasha mtambo wake, akatoa ngoto, Bibi akaipokea, kisha hakuna aliyekuja. Alikaa pale kama mwenye kibanda cha chai kisicho na wateja, akikata majani ambayo hayakuwa yanamziba mtu. Hakulalamika. Aliniambia tu, "Hata mlango una watu wanaoupita."

Kilichomwokoa ni posa. Familia ya upande wetu ilikuwa inaposa upande wa pili, washenga wakawa wanaongea kwa simu za mkononi. Wakafika penye mzozo, simu ikakatika. Huku wakasema kule wamekata. Kule wakasema huku wamekata. Matusi yakapita kwa ujumbe mfupi, na ndoa ikawa inakufa. Bibi akaitisha pande zote.

"Simu zenu zikikatika lazima kuna aliyekata," akasema. "Kwa Mnyamwezi, ukungu ukipanda amekata Mungu. Nendeni mkaongee kwa Mnyamwezi, na muanze mchana."

Wakaanza mchana. Maneno yalipochacha, ukungu ukapanda, kila upande ukaenda kula na kulala ukijiona haukushindwa. Kesho wakaendelea kwa adabu. Binti akaolewa. Tangu hapo ikawa desturi: habari nyepesi kwa simu ya mkononi, habari nzito kwa Mnyamwezi. Wakwe wasioweza kutazamana uso kwa uso waliongea hapo. Ndugu waliogombea mashamba waliongea hapo, na ukiwaona wanatazama bonde kwa hamu ujue wanauomba ukungu. Injinia, aliyeuchukia ukungu maisha yake yote pale, ikabidi akubali kwamba ndiye fundi mwenzake.

Jina tu ndilo lililomuuma. "Bibi, mimi nina jina," alimwambia asubuhi moja baada ya shikamoo. "Wanyamwezi ni wengi."

"Watafurahi wote," Bibi akasema.

Magoti ndiyo yaliyomshinda. Yaliukataa mlima kabla moyo wake haujaukataa, na binti yake aliyekuwa Dodoma alipiga simu kila siku kumwambia baba shuka. Akamfundisha yule bwana wa pilipili namna ya kusafisha lenzi na kuelekeza bomba, na yule bwana alijifunza vizuri, kwa kuwa sasa mti ulikuwa na mazao yake. Siku ya kuondoka ilikuwa kiangazi, barabara ngumu. Injinia alipanda gari na viatu vyake vya ngozi, na mapajani alipakata boksi lilelile. Lenzi alikuwa ameziacha. Ndani mlikuwa na pilipili manga ya kwenye nguzo.

Bibi naye alikuwemo. Alisema anakwenda mjini kununua khanga, na hakuna aliyemuuliza kwa nini amesubiri hadi leo, yeye ambaye hakuwa ameshuka mlima kwa muda ambao wajukuu zake hawakuukumbuka. Njia nzima walibishana kuhusu dirisha, lifunguliwe au lifungwe.

Tulipofika mjini muda wa treni ulikuwa bado. Nikasema tupite duka lile kubwa tumnunulie Mzee maji ya safari. Yeye alitembea nyuma kwa fimbo, boksi nimembebea mimi, kwa mara ya kwanza aliniruhusu. Bibi alitangulia. Alipofika mbele ya kioo, mlango ukafunguka wenyewe. Bibi akasimama. Nilikuwa nimemsimulia habari ya mlango ule zamani, tukimenya machungwa kwake, na sikujua kama aliitia maanani.

"Ndio huu?" akaniuliza.

"Ndio wenyewe, Bibi. Kile kijicho pale juu."

Watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kusongamana. Mlinzi akageuka, na nadhani alinikumbuka. Bibi akaweka sawa khanga yake kichwani, akainua uso kukielekea kile kijicho cheusi, akasema kwa sauti ya mtu anayeongea ng'ambo ya bonde:

"Shikamoo."

Mlango ukabaki wazi, kwa sababu ulimwona. Hakuna aliyecheka. Kisha nyuma yangu, taratibu, nikamsikia Injinia.

"Marahaba."

Bibi hakugeuka. "Sijakuamkia wewe. Nimeuamkia mlango."

"Najua, mtani," Injinia akasema. "Ila mlango hauwezi kukuitikia. Mzigo wako umebebwa na Mnyamwezi, na umefika."

Bibi akacheka, kicheko chake kile cha nyumba nzima, hadi akashika fremu ya mlango. Lilikuwa jibu la kwanza la utani Injinia alilolitoa kwa wakati wake, na nadhani alikuwa akiliandaa tangu siku ile ya kwanza. Kisha Mzee akapita katikati yetu, akaingia ndani kwa fimbo yake, taratibu, kama mtu anayeingia kwake, na mlango ukamsubiri.